Simba Dume na Wenzake: Mafunzo Kutoka Serengeti

Watu wengi humdhania simba dume kuwa mfalme atawalaye peke yake, mwenye nguvu zisizohitaji msaada wa mwingine. Dhana hiyo imo katika hadithi zetu, katika nembo za mataifa na katika majina ya sifa wanayopewa mashujaa. Lakini uchunguzi uliofanywa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti tangu mwaka 1966 umeonyesha jambo tofauti. Simba dume aliye peke yake ni mnyonge. Ni nadra kupata majike, na akiwapata ni nadra kukaa nao muda wa kutosha hata watoto wake wakue. Nguvu ya dume imo katika idadi ya wenzake. Kwa sababu hiyo, kifo cha dume mmoja chaweza kuleta hasara kubwa kuliko ile inayoonekana kwa kuhesabu mzoga mmoja.

Kumtambua kila simba

Mambo haya hayakuweza kujulikana kwa kuwahesabu simba tu. Ilibidi kila mnyama atambuliwe na kufuatwa kwa miaka mingi. George Schaller, aliyefanya kazi Serengeti kati ya mwaka 1966 na 1969, aliwatia baadhi ya simba alama masikioni. Mwaka 1970 C. J. Pennycuick na Judith Rudnai walieleza njia isiyohitaji kumgusa mnyama. Juu ya mdomo wa simba, pale zinapoota sharubu, pana madoa madogo meusi yaliyojipanga kwa safu. Mpangilio wa madoa hayo hutofautiana baina ya simba na simba, wala haubadiliki maisha yake yote, kama zilivyo alama za vidole vya binadamu. Mchunguzi mwenye darubini na kadi zenye picha za simba aweza kumtambua mnyama aliyeonekana mara ya mwisho miaka mitano iliyopita.

Toka mwaka 1984 mikanda ya shingoni yenye redio imetumika kwa mfululizo katika uchunguzi huo. Si lazima kila simba avalishwe. Simba jike hachomwi na tamaa ya kuhama. Kwa kawaida hukaa na mama zake na dada zake katika eneo moja, hivyo jike mmoja mwenye mkanda hutosha kuwaongoza wachunguzi hadi kwenye kundi lake. Kazi hii ilianzishwa na Schaller, ikaendelezwa na Brian Bertram, kisha na Jeannette Hanby na David Bygott, na tangu mwaka 1978 na Craig Packer na Anne Pusey. Hivyo vizazi vingi vya simba vikaandikwa katika daftari moja.

Mzunguko wa maisha ya kundi

Kundi la simba hasa ni ukoo wa majike: mama, dada, mabinti na wajukuu. Madume ni wageni. Kijana dume huondoka katika kundi alimozaliwa afikapo umri wa miaka 2 hadi 4, mara nyingi kwa kufukuzwa. Hutangatanga pamoja na vijana wenzake, na wapatapo nguvu huwashambulia madume wenye kundi jingine ili wachukue mahali pao. Madume walioungana hivyo huweza kuwa wawili tu, au kufika hata 9.

Wakishinda, hutokea jambo linaloonekana kuwa la kikatili. Madume wageni huwaua watoto wadogo waliowakuta, au huwafukuza walio wakubwa kidogo. Takriban robo ya vifo vyote vya watoto wa simba walio chini ya mwaka mmoja katika Serengeti hutokana na sababu hii. Jike anayelea hukaa karibu miaka miwili kabla ya kuzaa tena, lakini akipoteza watoto wake huwa tayari kupandwa baada ya muda mfupi. Dume mgeni hana muda wa kungoja, kwa maana huenda naye akapinduliwa baada ya miaka miwili au mitatu.

Kutokana na mauaji hayo, majike wengi wa kundi hushika mimba kwa wakati ulio karibu. Mimba huchukua siku zipatazo 110, na watoto waliozaliwa pamoja hulelewa pamoja, wakinyonya hata kwa mama wasio wao. Madume miongoni mwao hukua kama rika moja, na siku ya kufukuzwa huondoka wote pamoja. Hivyo ndivyo ushirika mkubwa unavyozaliwa. Lakini haya yote huwezekana iwapo baba zao watadumu mahali pao mpaka watoto hao wafikie kiasi cha miaka miwili.

Hesabu ya udugu

Mwaka 1979 Bygott, Bertram na Hanby walionyesha kwamba madume walio katika ushirika mkubwa hukaa na makundi muda mrefu zaidi, na kwa wastani kila mmoja hupata watoto wengi kuliko dume aliye peke yake au mwenye mwenzi mmoja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kwa simba methali hii ni kweli kabisa.

Hata hivyo palibaki swali. Je, faida hugawanywa sawasawa? Mwaka 1991 Packer, Pusey na wenzao walitoa matokeo ya kulinganisha vinasaba vya watoto na vya madume wa makundi yao. Walipokuwapo madume wawili, wote walipata watoto. Ushirika ulipokuwa mkubwa, madume wachache walizaa watoto walio wengi, na wengine wakakosa kabisa. Iligundulika pia kwamba madume wanne au zaidi walioungana huwa daima ni ndugu wa damu, bali katika ushirika wa wawili au watatu huweza kuwamo asiye ndugu.

Maelezo yake yamo katika hesabu nyepesi ya urithi. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki, kwa wastani, nusu ya vinasaba vyao. Basi mtoto wa ndugu huchukua robo ya vinasaba vya amu yake. Dume asiyezaa lakini akawalinda watoto wa nduguye hajapoteza yote. Asiye ndugu hupata faida pale tu anapozaa mwenyewe, ndiyo maana hujiunga mahali ambapo washindani ni wachache.

Lakini kwenye ulinzi wenyewe simba hawabagui. Wachunguzi walipocheza kwa kipaza sauti ngurumo za madume wageni, wenyeji waliiendea sauti hata pale ambapo waliosikika walikuwa wengi kuliko wao, na wasio ndugu walikwenda bega kwa bega kama ndugu. Majike kwa upande wao walionyesha hadhari zaidi: waliposikia wageni watatu wakinguruma walisita kuliko waliposikia mmoja, kana kwamba wanahesabu.

Maana yake kwa hifadhi

Ndani ya hifadhi za taifa uwindaji hauruhusiwi, lakini katika mapori ya akiba, kama vile Maswa linalopakana na Serengeti, uwindaji wa kitalii huruhusiwa kwa leseni, nao simba hawaijui mipaka. Dume mwenye kundi akipigwa risasi, ushirika wake hupungua. Waliosalia huenda wakashindwa na wageni, na watoto wote wadogo wa kundi wakauawa. Risasi moja huweza kumaliza kizazi kizima.

Mwaka 2004 Karyl Whitman na wenzake walitumia kumbukumbu za miaka mingi kutoka kaskazini mwa Tanzania kukokotoa athari hiyo. Waliona kwamba madume wenye umri wa miaka 6 au zaidi wakiwindwa peke yao, idadi ya simba haishuki sana, kwa kuwa dume wa umri huo kwa kawaida amekwisha kulea angalau kizazi kimoja. Umri huo hukadiriwa kwa kuitazama pua: ya simba kijana ni ya waridi, nayo huingiwa na weusi kadiri miaka inavyopita, hata weusi ukazidi nusu. Kanuni za uwindaji za Tanzania zimechukua miaka 6 kuwa kipimo.

Kipimo hicho huhitaji mtu atakayemtazama simba kwa darubini kabla ya kuinua bunduki, na afisa atakayelikagua fuvu na meno yake baadaye. Asipokuwapo mmoja wa hao, kanuni hubaki katika karatasi, na majike huachwa na watoto wasio na wa kuwalinda.