Kuona taa za rangi ghafla huweza kuwa dalili ya kisukari

Na Mwandishi Wetu

MTU mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa anaanza ghafla kuona taa za rangi zikimetameta upande mmoja. Muda mfupi baadaye macho na kichwa vinageukia upande huo, na pengine mwili mzima unatetemeka. Hali hiyo hujirudia mara kadhaa kwa siku.

Wapo wanaoamini kuwa mgonjwa wa namna hiyo amepandwa na majini, na wapo wanaokimbilia kumpima miwani. Hata hivyo, chanzo kinaweza kuwa sukari iliyozidi katika damu, na wakati mwingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba mhusika ana kisukari.

Sehemu ya ubongo inayotafsiri tunayoyaona ipo kisogoni. Wataalamu wanaeleza kuwa sukari inapopanda mno, huvuta maji kutoka katika seli za ubongo. Aidha, hupungua kemikali iitwayo GABA, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli hizo. Zikikosa kitulizo, hutoa umeme ovyo. Mgonjwa huona taa au vitu visivyokuwepo, au hupoteza uwezo wa kuona upande mmoja, ingawa macho yenyewe ni mazima.

Tatizo ni kwamba dawa za kawaida za kifafa mara nyingi hazifui dafu hapa. Mojawapo, fenitoini, inaweza hata kuongeza sukari kwa kuwa hupunguza utoaji wa insulini mwilini. Tiba yenyewe ni insulini na dripu ya maji, chini ya uangalizi wa daktari. Sukari ikishuka, kwa wagonjwa wengi kifafa nacho hukoma, bila kulazimika kumeza dawa zake maisha yote.

Kinachotakiwa mwanzoni ni tone la damu la kidoleni. Sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na zaidi wakati wowote ikiambatana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, huashiria kisukari.

Kipimo hicho ni cha lazima, kwani sukari iliyoshuka sana nayo huleta kifafa, na tiba yake ni kinyume kabisa.

Mgonjwa akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, kisha umwahishe hospitali.