Sauti Zisizo na Mwenyewe

Sikio likilia ghafula, wako kwetu pwani wasemao, "Nasemwa mahali." Likilia mara moja likanyamaza, ni mzaha. Lakini wako wazee wetu ambao masikio yao hayanyamazi usiku wala mchana. Mmoja husikia nyenje, mwengine birika lichemkalo, mwengine mvumo wa bahari ya kusi. Na ajabu ni kuwa wengi katika hao ndio wasioisikia adhana ya msikiti ulio mlangoni pao.

Yawaje sikio lisilosikia likasikia?

Ndani kabisa ya sikio, penye mfereji uliojizongomeza kama nyumba ya konokono, mna vijinywele vidogo mno, yapata 15,000 kila upande, vipelekavyo sauti ubongoni. Uzee na makelele ya mashine huviua, na kijinywele cha binadamu kikifa hakioti tena. Hata kwinini na aspirini zikizidi huyaliza masikio, ingawa mlio huo aghalabu hupita dawa ikiachwa. Waonavyo wataalamu wengi, ubongo ukikosa habari uliyozoea kuletewa hauketi bure. Hutega zaidi na zaidi, mpaka mishughuliko yake wenyewe ikawa sauti.

Mwaka 1953 wataalamu wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwatia watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichoingia sauti. Watu 94 kwa kila 100 walisema wamesikia mlio. Basi mzima akinyimwa sauti husikia. Sembuse kiziwi, ambaye chumba hicho amekibeba kichwani?

Wengine hupigiwa nyimbo nzima. Nalimjua bibi mmoja aliyesikia kasida za maulidi, dufu na yote, usiku watu wamelala. Alimtuma mwanawe akamwombe jirani afunge redio. Jirani hana redio. Ikasemwa ana jini, wengine wakasema akili zimemruka, naye akaacha kusimulia. Alikaa na kasida zake peke yake mpaka mauti yakamfika. Hilo ndilo linaloniuma, kwani mzee mwenye uziwi kusikia nyimbo aghalabu si wazimu. Kombe lina heshima yake na dua ina mahali pake. Lakini sikio la bibi yule halikutazamwa hata siku moja.

Dawa ya kuukata mvumo huu moja kwa moja haijapatikana. Mara nyengine ni nta tu iliyoziba, ikitolewa mtu akapumua. Chombo cha kusikilizia, kikimwelea mtu, humrudishia sauti za nje, na zile za ndani mara nyingi hufifia. Usiku, feni au redio ya chini chini humsaidia kupata usingizi, maana kimya ndicho kiuchocheacho mlio. Asiyefaa kungoja ni yule ambaye mlio uko sikio moja tu, au wapiga sawasawa na moyo, au uziwi umemshukia kwa siku moja. Huyu wa mwisho na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani uziwi wa ghafula huweza kutibika ukiwahiwa.