Samaki wa hifadhi Mombasa wavuka mpaka, wavuvi wafaidi

Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ina kilomita za mraba 10 tu. Ndani yake kuvua ni marufuku. Mtalii hulipa kiingilio aone matumbawe.

Kwa mvuvi hiyo ilikuwa hasara, maana eneo lake la kuvulia lilipungua. Hata hivyo, utafiti wa McClanahan na Mangi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa malema yanayotegwa karibu na mpaka wa hifadhi hupata samaki wengi kuliko ya mbali. Tasi ni miongoni mwa wanaotoka nje.

Utafiti wa mwaka 2010 uligusa mfuko: samaki wakubwa huwa na bei nzuri zaidi kwa kilo. Juya la kukokota, linalozoa hadi wachanga, humnyima mchuuzi bei hiyo.