Kabla ya Kununua Boti Kubwa Iliyotumika

Kikundi cha wavuvi kinapoanza kuona faida, hutamani kuachana na mtumbwi na kununua boti kubwa. Kwa kuwa boti mpya ni ghali, macho huelekea kwa iliyotumika Ziwa Victoria.

Swali la kwanza si bei, bali ni kina cha maji. Ziwa Eyasi, linalopokea maji ya Mto Sibiti, halina mto unaotoka. Hujaa wakati wa mvua na hupungua sana kiangazi, hata sehemu za sakafu yake zikabaki wazi. Boti iliyofanya kazi vizuri Mwanza yaweza kukwama topeni kwa miezi, ilhali marejesho ya mkopo hayasubiri masika. Mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hauna riba, lakini si ruzuku.

Kina kikiruhusu, boti ikaguliwe ikiwa nchi kavu, na fundi asiyeletwa na muuzaji. Achokoe mbao kwa ncha ya kisu, hasa karibu na mkuku na penye misumari; zinazobonyea zimeoza. Rangi mpya, kwa bahati mbaya, huficha mengi. Injini iwashwe ikiwa baridi. Ikumbukwe pia kuwa maji ya Eyasi yana chumvi, hivyo kutu huja mapema.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka chombo cha uvuvi kisajiliwe na kiwe na leseni. Muuzaji asiye na hati za chombo asilipwe hata malipo ya awali. Vikundi vinashauriwa kumwona Afisa Uvuvi, Nduguti, kabla ya kusaini mkataba.