Damu Imetolewa Bure, Mbona Mgonjwa Anaambiwa Hakuna?

Wadau, leo tuongee damu. Siyo ile ya kwenye sinema, ni ile ya kwenye jokofu la hospitali.

Kila Juni 14, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tunaona watu kwenye foleni wanatoa damu bila kulipwa hata senti. Halafu wiki chache baadaye mama kajifungua, damu inamtoka nyingi, ndugu wanaambiwa "damu hakuna, leteni watu wa kuchangia". Kijiweni jibu huwa moja tu: wameiuza! Sisemi wizi haupo. Ila mara nyingi jibu liko sehemu ambayo haiongelewi kabisa: VIFAA. Damu unatoa bure, lakini mfuko wa kuiwekea unanunuliwa.

Hebu tuifuate damu yako toka mkononi mpaka kwa mgonjwa.

1. MFUKO
Kwa mazoea tunasema "chupa ya damu", lakini siku hizi ni mfuko wa plastiki. Na siyo mfuko hivi hivi. Ule wa mililita 450 ndani yake una kama mililita 63 za dawa inayozuia damu isigande na kuzipa chembe chakula. Nao una tarehe yake ya kuisha muda. Mifuko ikiisha kituoni, hata waje wachangiaji 200 watarudi nyumbani na damu yao mwilini.

2. VITENDANISHI
Hizi ni zile dawa za maabara za kupimia. Kila chupa lazima ipimwe vitu vinne: virusi vya Ukimwi, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Ukiwa na vipimo vitatu ukakosa kimoja, damu haitoki. Inakaa kwenye jokofu inasubiri.

Sasa hapa ndo penye balaa. Damu kwenye mfuko wenye dawa iliyozoeleka, CPDA-1, inakaa siku 35. Zinahesabiwa toka siku ULIYOTOA, siyo siku iliyopimwa. Vitendanishi vikichelewa wiki tatu, damu imebakiza wiki mbili. Vikichelewa wiki tano, inateketezwa. Pengine ilikuwa safi kabisa! Chembe sahani, zile zinazosaidia kuziba jeraha, ndo kabisa: kwa kawaida siku 5 tu.

Kitu kingine: mashine nyingi za kupimia zinakubali vitendanishi vya kampuni iliyoitengeneza tu. Kampuni ikichelewesha mzigo, huwezi kukimbilia duka la jirani.

3. BARIDI
Damu inatunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 6. Ikipata joto, vijidudu vinaweza kuzaliana. Ikiganda barafu, chembe zinapasuka, na kumwekea mtu damu hiyo ni kumhatarisha maisha. Kwa hiyo friji ya soda haifai. Linatakiwa jokofu maalumu lenye kengele ya kuonya, jenereta umeme ukikatika, mafuta ya jenereta, na masanduku ya baridi ya kusafirishia. Gari likikosa dizeli, damu iko mkoani na mgonjwa yuko wilayani.

4. HESABU
Hapa ndo vituo vingi vinaangukia pua. Tuseme kituo kinatumia mifuko 1,000 kwa mwezi, na mzigo toka kuagizwa mpaka kufika unachukua miezi 4. Ukisubiri ibaki mifuko 1,000 ndo uagize, umeshachelewa: miezi mitatu utakaa mikono mitupu. Inatakiwa uagize ukiwa bado na mifuko 4,000 ya kusubiria, na akiba juu yake, tuseme 2,000. Yaani unaagiza stoo ikiwa imejaa! Bosi asiyeelewa atakwambia unapoteza hela.

Halafu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya wachangiaji ni wanafunzi. Shule zikifungwa damu inashuka, lakini malaria inayowamaliza damu watoto haiendi likizo, na ajali za bodaboda ndo usiseme. Anayeagiza mifuko lazima awe na kalenda ya shule mezani.

PESA ZA NANI?
Tanzania Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza mwaka 2004 kwa msaada mkubwa wa Marekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na Ukimwi. Majirani zetu Kenya nao walibebwa hivyo hivyo miaka mingi. Mwaka 2019 msaada wa Kenya kwenye damu ukafika mwisho. Ukusanyaji ukashuka, mifuko na vitendanishi vikawa adimu, na mwaka 2020 familia zikawa zinatafuta wachangiaji kwenye mitandao. Wakenya hawakuwa wameishiwa damu mwilini! Kilichokatika ni mnyororo. Serikali isipoweka fungu lake kwenye bajeti, mfadhili akikohoa tu wodi ya wazazi inaumwa.

Mfano wa kutia moyo uko Rwanda. Toka Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zinapeleka damu hospitali za mbali toka kituo cha Muhanga. Watu wanashangaa ndege, ila siri iko kwenye stoo. Hospitali ndogo haihitaji kulundika chupa nyingi "endapo", inaagiza ikihitaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kwenye jarida la Lancet Global Health ulionyesha damu inayoharibika kwa kuisha muda ilipungua kwa asilimia 67. Hata kwa pikipiki na simu kanuni ni ile ile: stoo ya kati ijue nani ana nini, na inayokaribia kuisha muda itoke kwanza.

Kwa hiyo vijana, tusiache kuchangia. Ila siku ya kuchangia tusiishie kupiga picha na kunywa soda. Tuwaulize wabunge na madiwani wetu: mwaka huu mifuko imetengewa shilingi ngapi? Vitendanishi viliisha mara ngapi? Chupa ngapi ziliteketezwa, na kwa nini? Mtu akitoa damu yake bure, angalau ana haki ya kujua ilifika.

Huko kwenu hali ikoje? Mwageni maoni hapo chini.