Hitilafu uliyoua isifufuke: Linganisha matawi ya msimbo wako

Tuseme wewe na wasee wawili mmeunda apu ya kuagiza chakula. Toleo la 1 liko kwa simu za wateja, nanyi mnajenga toleo la 2. Ijumaa jioni mteja analalamika: amebonyeza mara moja, amekatwa pesa mara mbili. Unaingia kwenye tawi la toleo la 1, unarekebisha, mnapumua. Mwezi ujao mnazindua toleo la 2, na wateja wanaanza tena kukatwa mara mbili. Hakuna aliyewahujumu. Ni vile dawa ilipewa tawi moja, lingine halikuonja.

Shida hii haiko kwenu tu. Git yenyewe iliundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili kusimamia msimbo wa Linux, ule ule ulio ndani ya simu yako ya Android. Linux ina shina kuu, ambalo hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 9 au 10, na matawi ya matoleo ya zamani ambayo bado yanahudumiwa. Sheria yao ni moja: rekebisho liingie shina kuu kwanza, kisha ndio linakiliwe kwa matawi ya zamani.

Mbona hivyo? Ukisahau kunakili kwa toleo la zamani, ni hilo tu litaumia. Ukisahau shina kuu, kila toleo lijalo linarithi ugonjwa.

Kunakili ni rahisi. Nenda kwenye tawi la zamani, andika `git cherry-pick -x` na nambari ya badiliko. Pasipo mgongano, ile `-x` inaacha alama ya badiliko lilikotoka.

Na lile tawi lako la kazi mpya je? Usilifungie wiki tatu. Kila asubuhi andika `git fetch`, kisha `git merge origin/main`. Git hutafuta mahali matawi yalipoachana, halafu inalinganisha yaliyobadilika kila upande. Mkigusa mistari ile ile, inasimama na kuwauliza. Mgongano wa mistari mitano unatatua ukinywa chai. Wa faili 40 ni noma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na usifute tu upande wa mwenzako ndio mambo yaishe. Muulize alikuwa anataka nini.

Git ikinyamaza pia usijiachilie. Inalinganisha mistari, haielewi maana. Mwenzako akibadilisha jina la kitu, nawe umeliita jina la zamani kwenye faili nyingine, matawi yataungana bila neno, kisha apu ianguke. Kwa hivyo, kila ukiunganisha, fanya majaribio.

Kuhusu `git rebase`: inaandika historia upya, basi itumie tu kwa tawi ambalo ni lako peke yako.

Kabla ya kuzindua, kama tawi lenu la zamani linaitwa toleo-1, andika `git cherry -v main toleo-1`. Mstari wenye alama ya + ni badiliko ambalo Git haijaona mfano wake kwenye shina kuu. Pitieni moja baada ya jingine. Hadi mjue kila moja lilikuwa la nini, uzinduzi ungoje.