Kamera Ipi kwa Mtafiti wa Lubumbashi?

Mtafiti anayekusanya michoro na masimulizi ya Kiswahili mjini Lubumbashi hana budi kuchagua: kamera ndogo ya mfukoni, au ile kubwa ya dijitali yenye kioo ndani na lenzi za kubadilishwa?

Tofauti ya msingi ni kihisi kinachopokea mwanga. Katika kamera ndogo za kawaida kina takribani milimita 6.2 kwa 4.6, katika kubwa nyingi, 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lililozidi mara 12. Kwa hiyo ndani ya nyumba yenye mwanga hafifu kamera kubwa hutoa picha safi zaidi.

Jambo hili si dogo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi yake na kumsimulia Johannes Fabian kwa Kiswahili mnamo 1973 na 1974, aliandika maneno ndani ya michoro yake. Herufi zisiposomeka katika nakala, sehemu ya ushahidi imepotea.

Hata hivyo, kamera kubwa ni nzito, na wakati wa kiangazi, Mei hadi Septemba, vumbi huweza kuingia lenzi inapobadilishwa. Aidha, msimulizi anayeelekezewa lenzi kubwa huenda akaacha Kiswahili cha nyumbani na kushika cha hadhara.

Mwenye uwezo wa kununua moja tu na achague ndogo inayoruhusu kupanga muda wa mwanga, pamoja na kigoda cha miguu mitatu. Mchoro hautikisiki; muda mrefu wa mwanga utafidia udogo wa kihisi. Sauti ya msimulizi ikishabadilika, haina fidia.